Saini Kabla ya Ijumaa

Jumatatu asubuhi madereva tisa wa kampuni ya vinywaji ya Ziwa Jema walifika depo yao ya Gungu, Kigoma, na kila mmoja akakuta bahasha nyeupe juu ya usukani wa gari lake. Ndani kulikuwa na barua ya kurasa mbili, yote kwa Kiingereza, na chini ya ukurasa wa pili mstari wa kuweka saini.

Yunisi aliisoma ya kwake akiwa amekaa kwenye lori lake, Fuso namba nne, mlango wazi, mguu mmoja nje. Akarudia tena taratibu, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha nne na cha maandishi ya kwenye maboksi. Kampuni ilikuwa inabadili namna ya kusambaza bidhaa. Kazi ya madereva wangepewa watu binafsi wenye toyo, zile pikipiki za magurudumu matatu zenye bodi la mizigo nyuma. Dereva ambaye angekubali kuondoka kwa hiari angelipwa mishahara ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Mwisho wa kusaini ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi.

Kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa furaha, na hapo hapo akajishtukia. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi pale depo, mwaka wa tatu sasa, na katibu hatarajiwi kufurahia barua kama ile. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa ametafuta njia ya kutoka kwa muda mrefu. Kila Jumapili baada ya kanisa aliazima gari la shemeji yake akafundisha wanawake udereva kwenye uwanja wa mpira kule Rusimbi. Wanne walishapata leseni, saba wanasubiri zamu. Alitaka hiyo ndiyo iwe kazi yake siku zote za wiki, na kreti za soda wabebe wengine.

"Dada Yunisi!" Bariki alikuja mbio, barua mkononi. Ndiye aliyekuwa mdogo kuliko madereva wote, na mkewe alikuwa amejifungua mwezi uliopita. "Hii ni nini? Wanatufukuza?"

"Wanatuomba tuondoke."

"Tofauti yake ni ipi?"

"Ukiombwa unaweza kukataa."

Bariki akageuza karatasi mbele na nyuma. "Mbona sioni pa kukataa?"

Yunisi akaangalia ya kwake. Kweli, hapakuwapo.

Mzee Hamdani, mwenyeji wa Ujiji na dereva wa siku nyingi kuliko wote, alikuja bila haraka, akijipepea kwa bahasha yake. Yunisi akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi hii nimeipenda. Mgongo umechoka, na shamba la michikichi alilotuachia baba kule Simbo limegeuka pori. Nipe kalamu."

"Subiri kwanza, mzee. Wewe wamekuandikia miezi mingapi?"

"Minne."

"Minne?" Bariki akasogea. "Mimi wameniandikia sita!"

Wakatazamana. Mzee Hamdani alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, Bariki mitatu. Yunisi akashuka garini, akazunguka kwa wenzake mmoja mmoja akipiga picha barua zao kwa simu. Barua tisa, hesabu tisa, na hakuna aliyeweza kueleza zilitoka wapi. Ila jambo moja lilionekana: waliokaribia kustaafu ndio waliopewa kidogo. Huenda kampuni iliona hao wangeondoka tu.

Kabla ya saa sita, meneja akamwita ofisini.

Meneja aliitwa Adolf. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kufuta miwani yake kila akiwa na jambo gumu la kusema, na siku hiyo aliifuta mpaka Yunisi akamaliza nusu kikombe cha chai.

"Dada Yunisi, makao makuu Mwanza wanataka saini saba. Wakizikosa, watakuja wenyewe, na hao hawana maneno mazuri kama mimi."

"Nimekuelewa, meneja."

"Sasa, barua yako wewe inaweza kuandikwa upya. Ikawa mara mbili ya ilivyo. Halafu ile kirikuu nyeupe pale nyuma..." Akaonyesha dirishani kigari kidogo cha mizigo, kilichokuwa kimeegeshwa kando ya ukuta. "Inauzwa. Unaweza kuipata kwa bei ya chuma chakavu. Nasikia unafundisha udereva."

Yunisi aliitazama kirikuu. Tangu mwaka juzi alikuwa akipita karibu yake na kuigusa boneti kama mtu anayempapasa mbuzi wa jirani.

"Na mimi nifanye nini? Niwashawishi wenzangu?"

"Hapana, sisemi uwashawishi." Miwani ikavuliwa tena. "Usiwazuie tu. Wakikuuliza, waambie wewe mwenyewe unasaini. Basi."

Jioni Yunisi alimkuta mumewe, Erasto, barazani kwao Mwanga, akishona sare za shule. Erasto alikuwa fundi cherehani, na alipenda kusikiliza huku mguu ukiwa kwenye pedali. Yunisi akamweleza yote. Cherehani ikanyamaza.

"Kuondoka unataka?"

"Nataka."

"Na kigari unakitaka."

"Sana."

"Kwa hiyo kinachokusumbua ni nini?"

"Nikiwaambia nasaini, nitakuwa nimesema kweli, Erasto. Na hapo hapo nitakuwa nimewauza. Kweli hiyo hiyo moja."

Erasto akakata uzi kwa meno. "Basi waambie zote mbili. Kwamba unataka kwenda, na kwamba umeahidiwa gari ili uwapeleke na wao."

"Gari nitalikosa."

"Utalikosa," Erasto alikubali, akarudi kwenye sare zake.

Yunisi akakaa pale kwa muda akimchukia kidogo, kisha akachukua simu akampigia Mama Eufrasia, ofisa wa chama mkoani.

Mama Eufrasia alifika depo Jumatano alfajiri kwa bajaji, kabla magari hayajapakiwa. Alikuwa mwanamke mwenye mwili na sauti ya kwaya. "Mwakeye!" aliwaamkia kwa Kiha, na wote tisa, hata wasio Waha, wakaitikia. Wakaketi juu ya kreti tupu bandani. Yeye akabaki amesimama.

"Msimamo wa chama ni mmoja," akasema. "Hakuna kusaini! Kampuni ikitaka kupunguza watu, lazima ikae na chama kwanza, itoe sababu, tujadiliane. Haiwezi kuwawekea watu bahasha kwenye usukani kama vipeperushi vya mhubiri. Asisaini mtu!"

Makofi yakalia. Yalipotulia, Mzee Hamdani akainua mkono.

"Mama, mimi nataka kusaini."

"Mzee wangu, wanakunyonya. Miezi minne!"

"Hilo nimeliona. Ndiyo maana nipo hapa. Lakini nimelipa ada ya chama hiki miaka kumi na tisa. Kampuni inanisukuma nje, sawa. Chama nacho kisinifungie mlango kwa ndani. Nitafutieni njia ya kutoka kama mtu mzima."

Mama Eufrasia hakuwa amejiandaa kwa mwanachama aliyetaka kuondoka. Ndipo Yunisi akasimama.

"Nina maneno mawili," akasema. "La kwanza, na mimi nataka kuondoka. Sijachoka nanyi, nataka kufanya kazi nyingine. La pili, Jumatatu meneja aliniahidi malipo mara mbili na ile kirikuu, ili nisiwazuie kusaini. Sikumjibu. Nawajibu ninyi kwanza: siitaki kwa njia hiyo."

Bariki akaruka juu.

"Jumatatu! Leo Jumatano! Siku mbili ulikuwa unafikiria nini, dada? Ulikuwa unapiga hesabu ya bei yetu?"

"Ndiyo," Yunisi akasema. "Siku ya kwanza, ndiyo."

Jibu hilo lilimchanganya Bariki. Alitegemea abishiwe. "Basi ukatibu uuache!" akasema, sauti imepanda. "Anayetaka kuondoka atawateteaje wanaotaka kubaki? Mimi nina mtoto wa wiki tano!"

"Asingesema ungejuaje?" Mzee Hamdani akamuuliza.

"Nisingejua! Ndicho kinachoniuma!"

Mama Eufrasia akapiga makofi mara mbili kuwatuliza, akasema jambo hilo litaamuliwa kwa kura. Wanaotaka Yunisi aachie ukatibu wainue mikono. Wakainua watatu, na Bariki akainua yote miwili. Waliotaka abaki wakawa watano. Mwenyewe hakupiga.

"Basi na mimi naingia kwenye mazungumzo," Bariki akasema, bado amevimba. "Nitakaa pembeni yake. Nataka nisikie kila neno kwa masikio yangu."

"Karibu," Yunisi akasema, na alimaanisha.

Wakakaa mpaka jua likawa kali, magari yamesimama bila kupakiwa, wakipanga la kumwambia meneja. Mama Eufrasia aliandika, akafuta, akaandika. Hakurudia tena kusema asisaini mtu. Mwishowe karatasi yake ilikuwa na msimamo ambao hata Mzee Hamdani na Bariki, waliotaka vitu viwili tofauti kabisa, wangeweza kuusoma bila kununa.

Adolf aliipokea karatasi hiyo, akasema atawajibu, akaenda kufuta miwani yake. Na Alhamisi asubuhi, labda kwa kutaka kuwaonyesha kuwa kazi inaweza kwenda bila wao, akaita toyo mbili za kwanza. Waendeshaji walikuwa wageni kutoka Kasulu, watu wachapakazi kabisa, ila hawakuijua Ujiji hata mtaa mmoja. Wakapewa orodha ya wateja, wakapakia, wakaondoka. Madereva tisa walisimama getini wakiwatazama, na Yunisi hakufurahi. Aliwaona wale watu wawili wakipambana na usukani mzito, akajua hata wao hawajaelezwa mambo yote.

Saa sita na robo simu yake ikaita. Alikuwa Bi. Mwasiti, mwenye duka kubwa Kasingirima, mwanamke aliyekwenda kuhiji na anayeheshimiwa mtaa mzima. Sauti yake ilikuwa ya chini mno, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili mbaya.

"Yunisi mwanangu, ni nani amenikosea heshima hivi?"

"Kuna nini, bibi?"

"Nina kreti kumi na mbili za bia mlangoni kwangu. Mtu kashusha, kaondoka. Arusi ya mjukuu wangu ni kesho, soda zangu sizioni, na watu wanaanza kupita kwenda msikitini sala ya adhuhuri. Kila anayepita ananiamkia halafu anatazama chini."

Yunisi hakungoja ruhusa. Akamchukua Mzee Hamdani, wakapanda Fuso namba nne. Kufika Kasingirima, wakamkuta Bi. Mwasiti amesimama wima mbele ya kreti, ametandaza kanga mbili juu yake na bado chupa zinachungulia kwenye pindo. Ng'ambo ya barabara wanawake watatu walikuwa wamejifanya wanachambua mchele.

"Hamdani!" Bi. Mwasiti alipaza. "Miaka yote uliyoniletea mzigo, uliwahi kuniletea haramu?"

"Sijawahi, Bi. Mwasiti. Hata kwa bahati mbaya."

"Toa hivi vitu."

Wakavipakia haraka, Mzee Hamdani akisahau mgongo wake. Haikuwa kazi kubwa kukisia soda zilikoenda: mwenye baa mmoja wa Rusimbi alikuwa ameketi mbele ya kreti kumi na mbili za soda ya machungwa, akiwauliza wateja wake kama wana habari ya sherehe ya watoto. Wakabadilishana. Adhuhuri ilipomalizika, soda zilikuwa zimeshapangwa kwa Bi. Mwasiti, na habari ilikuwa imeshafika mpaka bandarini Kigoma.

Saa tisa alasiri wanne wakaingia ofisini kwa meneja: Mama Eufrasia, Yunisi, Mzee Hamdani na Bariki, ambaye alivuta kiti chake mpaka kikagusana na cha Yunisi. Adolf hakuwa na miwani kabisa. Ilikuwa mezani, safi kama kioo cha dirisha la benki.

"Bi. Mwasiti amenipigia," akasema kwa unyonge. "Amesema kama si Yunisi au Mzee Hamdani, hanunui kwetu hata maji. Na amesema atawaambia wenzake."

"Wenzake ni Ujiji nzima," Mzee Hamdani akasema.

Mama Eufrasia akaweka karatasi mezani. Alisema kwa upole ambao Yunisi hakuutarajia. Chama hakimkatazi mtu kuondoka. Ila barua iandikwe upya kwa Kiswahili, na hesabu iwe moja kwa wote, kufuata miaka ya kazi. Watu wapewe wiki tatu za kusoma na kuuliza nyumbani. Atakayebaki abaki na mkataba wake ule ule, asije akasumbuliwa baadaye. Na magari yanayouzwa yatangazwe bei, waondokao wayapigie kura ya bahati, pasiwe na gari lililowekewa mtu pembeni.

Aliposoma hilo la mwisho, Adolf alimtazama Yunisi. Yunisi naye akamtazama, na hakuinamisha kichwa.

"Na toyo?" Adolf akauliza.

Hapo ndipo Bariki akazungumza kwa mara ya kwanza. "Toyo ziende vichochoro ambavyo Fuso haipiti. Kule tunabeba kreti kichwani. Mimi wiki nzima shingo inaniuma. Hao jamaa wa Kasulu wakipewa njia hizo, na mtu wa kuwaonyesha mitaa, hatuna ugomvi nao."

Kila mtu akageuka kumtazama. Bariki akaona aibu, akashika shingo yake.

Adolf akapiga simu Mwanza, akaweka sauti ya wote kusikia. Mtandao ukakatika mara mbili. Mama wa makao makuu aliuliza maswali mengi, akataka kujua kwanza bia zilifikaje kwa hajati, na ilipoelezwa, wakasikia mtu mwingine nyuma yake akicheka. Wiki tatu akazikataa, akasema moja. Mama Eufrasia akasema tatu. Wakakubaliana mbili na nusu, na mama wa Mwanza akaomba hesabu mpya itumwe kwa barua pepe kabla ya saa kumi na moja. Adolf akakata simu, akaichukua miwani yake mezani.

"Kwa kweli," akasema, "ile barua ya kwanza hata mimi sikuielewa vizuri."

Ijumaa saa nne ikapita bila saini hata moja. Zile wiki mbili na nusu zilikwenda kwa mijadala ya majumbani, wake na waume na wakwe kila mtu na lake. Siku ya kusaini, barua mpya mikononi, waliosaini walikuwa wanne. Saba waliotakiwa na Mwanza hawakufika. Mzee Hamdani alikuwa wa kwanza, safari hii kwa miezi inayofanana na miaka yake. Alisaini kwa herufi kubwa, akapuliza wino ukauke. Yunisi alikuwa wa mwisho. Alilipwa kwa hesabu ile ile ya wengine, hakuna senti ya ziada. Kura ilipopigwa, kirikuu ikaenda kwa Nehemia, dereva wa njia ya Kalinzi, aliyekuwa na mpango wa kubeba dagaa kutoka Kibirizi. Yunisi alimpongeza, akaenda nyuma ya banda, akapiga teke kreti tupu mara moja. Akarudi akitabasamu, na kutabasamu huko hakukuwa kwa kujilazimisha sana.

Waliobaki watano wakachagua katibu mpya. Wakamchagua Bariki.

"Mimi?" Bariki alishangaa kwelikweli. Mkutano ulipokwisha alimfuata Yunisi getini. "Dada, siku ile mimi nilitaka uondolewe."

"Najua. Uliinua mikono miwili."

"Nilikuwa na hasira."

"Ulikuwa na haki. Siku mbili nilinyamaza. Wakikuletea wewe chai na maneno matamu, usikae hata saa mbili."

Bariki akacheka, kisha akawa makini ghafla. "Muhtasari wa kikao unaandikwaje?"

Walikaa kwenye ngazi ya ofisi karibu saa nzima, Yunisi akimwonyesha.

Mvua za vuli zilipoanza, Yunisi alikuwa na gari la kukodi lenye herufi ya wanaojifunza mbele na nyuma, na wanafunzi kumi na moja. Asubuhi moja alikuwa na Hasna, muuza vitenge wa Ujiji, kwenye barabara ya kuelekea Mwanga. Hasna alikuwa ameng'ang'ania usukani kwa mikono yote, akiongea na gari kwa sauti kama anambembeleza mtoto. Nyuma yao Fuso namba nne ikatokea, imejaa kreti. Bariki alipowatambua akapiga honi ndefu, akatoa mkono dirishani akipunga. Hasna akashtuka, akaachia klachi, gari likaruka na kuzima katikati ya barabara.

"Nimeliua?" Hasna akauliza.

"Hujaliua. Weka gia huru kwanza," Yunisi akasema. Kisha akatoa kichwa nje na kumfokea katibu wa tawi mpaka Fuso ilipopotea kwenye kona.